Ufundi wangu nusura umuue Mama!

Jamani, ufundi mtamu, lakini ukizidi unaleta balaa. Mimi kijana wa Vugiri, kule milimani Korogwe, kwenye baridi na chai. Huku kwetu pikipiki ndiyo miguu, na spea ikikatika unaifuata mjini Korogwe. Basi nikajifanya mjanja, nikawa nachonga mwenyewe.

Nilianza na keria. Nondo za milimita 10 nikazikunja, fundi wa kuchomelea akaniunganishia, ikatoka bomba kuliko ya dukani. Inabeba mikungu miwili ya ndizi bila kulia! Nikaja stendi, nikaja vikanyagio vya abiria. Washikaji kijiweni wakaanza kuniita injinia. Kichwa kikavimba.

Hapo ndipo nikagusa breki. Kile chuma kirefu kinachotoka kwenye pedeli ya breki mpaka gurudumu la nyuma kilikatika. Nikatwaa kipande cha nondo, nikakipiga tupa mwisho wake, nikakata hesi, nikafunga nati. Fundi akanitazama wee.

"Mwanangu, keria ikivunjika utaokota ndizi. Hicho kikiachia, tutakuokota wewe."

Nikacheka.

Kesho yake nampakia Mama, tunateremka kwenda Korogwe. Kona ya kwanza breki ikashika safi. Kona ya pili nikasikia "tak!", mguu ukazama kama nimekanyaga uji. Kumbe nondo ni chuma laini, na hesi zangu zilikuwa za juujuu tu. Nati imezivua zote, imeruka. Breki ya mbele? Waya wake ulishashikwa na kutu, ilikuwa pambo!

Nikashusha gia: tatu, mbili, moja. Injini inalia kama mbuzi anachinjwa. Nikaielekeza kwenye tuta, upande wa mlima, maana upande wa pili ni korongo. Tukalala chini wote.

Mama alichubuka kiwiko, khanga ikachanika. Hakufoka. Alijifuta vumbi, akaniuliza taratibu, "Baba, kumbe ulinipakia kwenye majaribio?"

Akateremka kwa miguu. Wallahi, ningepigwa bakora ingeniuma kidogo.

Siku hiyo hiyo nilinunua kile chuma cha dukani, na waya wa breki ya mbele juu. Bei yake vyote haikufika ya khanga niliyomlipa Mama!

Kwa hiyo washikaji, chongeni keria, chongeni stendi, pigeni rangi mnayotaka. Breki nunueni. Mpaka leo Mama hapandi pikipiki yangu kabla hajainama kukikagua kile chuma.