Ndege Iliyonitangulia

Boeing 737 inapokaribia kutua huja kwa kasi ya noti 140 hivi, yaani kilomita 260 kwa saa. Cessna 172, ndege niliyojifunzia urubani, huja kwa chini ya nusu ya kasi hiyo. Ukiwa kwenye kiti cha kulia cha simuleta (mtambo wa mafunzo unaoiga ndege), injini moja imezimwa na mwalimu aliyeketi nyuma yako, mawingu yamefunika kioo, na mwongozaji wa ndege anakuuliza sasa unataka kufanya nini, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utabaki kazini. Mimi sikubaki.

Nilifika kwenye mafunzo hayo ya shirika la ndege nikiwa na leseni ya urubani wa biashara, saa za kuruka zisizotimia mia tatu, na deni. Ada ya chuo cha urubani kule Afrika Kusini ilitokana na shamba la michungwa la Muheza lililouzwa, mikopo ya VICOBA ya mama, na michango ya ukoo mzima. Mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, watu walianza kuniita Rubani kabla sijavaa sare. Shirika liliponichukua, mama alipika pilau la majirani wote.

Mafunzo ya ndege ya jeti huenda hivi. Mnaingia kwenye simuleta wawili wawili kwa saa nne. Saa mbili unarusha wewe, saa mbili unamsaidia mwenzako. Kila siku kuna hitilafu mpya. Inayorudiwa kuliko zote ni injini kufa ndege ikiwa bado inakimbia chini, mara tu baada ya V1, kasi ambayo ukiipita huruhusiwi tena kusimama. Hapo unaondoka na injini moja. Pua ya ndege inavutwa upande, unaizuia kwa mguu, unapanda, unaagiza magurudumu yakunjwe, kisha unatulia na kumwita mwenzako mshughulikie tatizo kwa utaratibu. Hilo la mguu na mkono nililiweza mapema. Kilichonishinda ni kilichofuata: kupanga njia ya kurudi, kuandaa vyombo, kumweleza mwenzangu mpango, kuwajulisha abiria, na wakati wote huo kujua ndege itakuwa wapi dakika tatu zijazo.

Marubani wana msemo kwamba ndege imekutangulia. Wewe uko kwenye kiti, akili iko maili kadhaa nyuma, bado inamalizia jambo lililokwisha pita. Kwa noti 140 ndege inakula zaidi ya maili mbili kila dakika, wala haikungoji. Niliongezewa vipindi, nikaboreka kidogo, nikafanya mtihani wa mwisho na kuanguka. Barua ilikuwa fupi na ya adabu. Pamoja nayo kulikuwa na ripoti za walimu wangu, ambazo kwa muda mrefu sikuzifungua.

Kushindwa mafunzo ya shirika hakufuti leseni. Jambo hili ndugu zangu hawakulielewa, na hata mimi ilinichukua muda kuliamini. Leseni ilibaki mfukoni, halali kabisa. Tatizo ni kwamba leseni ya rubani haikai bila kutunzwa: cheti cha afya cha daraja la kwanza lazima kihuishwe, sifa ya kuruka kwa vyombo lazima ipimwe tena kila mwaka, na vyote vinadai fedha ambazo asiye na kazi hana. Nimewaona vijana waliokata tamaa kwa sababu hiyo peke yake. Uwezo walikuwa nao. Karatasi zao ziliisha muda huku wakitafuta kibarua.

Kibarua changu nilikipata Terminal 1 ya Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, zinakoondokea ndege ndogo za Zanzibar, Mafia na mbuga za wanyama. Nilikuwa ofisi ya uendeshaji. Nilipima mizigo, nilipima na abiria wenyewe, kwa sababu Cessna Caravan yenye uzito usiozidi tani 4 hivi ikiwa imejaa haipakiwi kwa kukisia kilo za watu. Niliandaa karatasi za mizani na mafuta, niliwapigia simu walinzi wa viwanja vya udongo kuuliza kama mvua imeacha tope. Mshahara mdogo niliugawa: deni, nyumbani, na akiba ya kupima vyombo. Usiku mmoja, katika chumba nilichopanga Kipawa, nilizifungua zile ripoti.

Nilitegemea kukuta hukumu. Nilikuta maelezo. Walimu watatu tofauti, kwa siku tofauti, waliandika jambo moja: anarusha vizuri kwa mkono, anachelewa kuamua. Hakuna aliyeandika kwamba sifai. Nilikaa nayo sana sentensi hiyo, kwa sababu kuchelewa ni kitu kinachoweza kufanyiwa kazi. Ningependa kila kijana anayerudishwa nyumbani apewe maandishi ya namna ile, yanayotaja kilichopungua, na awe na mtu wa kumshika bega ayasome mapema kuliko nilivyofanya mimi.

Nafasi ya rubani msaidizi kwenye Caravan ilipopatikana, nilidhani nimeshuka ngazi. Injini moja, propela moja, abiria kumi na wachache, na safari ambazo abiria hajamaliza kufunga mkanda vizuri mmeshafika. Dar es Salaam hadi Zanzibar ni kilomita sabini na ushei. Ndege hiyo huzimaliza kwa dakika ishirini hivi.

Ndipo penye siri ya kazi yangu yote. Katika safari ya saa tatu, rubani ana muda wa kuchelewa kisha akajirekebisha. Katika dakika ishirini muda huo haupo. Ukisubiri kuwa angani ndipo ufikirie kutua, mnara wa Zanzibar unakwambia ushuke kabla hujajua upepo wa huko. Kila kitu lazima kiwe kimekwisha kichwani kabla ya kuwasha injini. Halafu unafanya hivyo tena na tena siku nzima, Zanzibar, Pemba, Dar, Mafia, hadi akili inazoea kutangulia mbele kama baharia anayesoma rangi ya maji kabla ya kufika mwambani.

Kapteni wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kipemba, asiyesema sana. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Kapteni," akaitikia marahaba, akaketi, akakunja mikono.

"Haya mwanangu, tutue Unguja kwanza. Kwa mdomo."

Injini haijawashwa. Nilianza kueleza: tutapanda futi ngapi, tutaita mnara wapi, kusi linavuma hivi, njia itakuwa ile, nikiona mvua imefunga upande wa kusini nitafanya hivi, ndege kubwa ikiwa mbele yetu nitapunguza kasi mapema. Nikisita tu, alinirudisha mwanzo.

"Na likikataa je?"

Swali hilo aliliuliza kila mara. Injini ikikataa, upepo ukikataa, mnara ukikataa. Alitaka jibu tukiwa bado chini. Dar es Salaam hasa alinibana wakati wa kusi, kwa sababu njia kuu ya pale imelala kaskazini-mashariki kwa kusini-magharibi, na kusi huipiga ubavuni. Mzee huyu hakuwahi kuniuliza kuhusu shirika lile. Naamini alijua, maana Terminal 1 ni kijiji.

Baadaye nikawa kapteni wa Caravan, nikaruka na kwenye mbuga. Kwenye kiwanja cha udongo unapita chini kwanza kuwafukuza swala na kuangalia madimbwi, kisha unazunguka na kuja kutua, huku umeshaamua ni wapi utakapoghairi. Saa zilijaa kwenye kitabu changu, lakini sikuziwania kwa ajili ya hesabu. Nilikuwa nangoja siku nitakayojiona niko mbele ya ndege bila kujilazimisha.

Nilipoomba tena shirika kubwa, fomu iliuliza swali ambalo karibu zote huuliza: umewahi kushindwa mafunzo au mtihani wowote wa urubani? Wapo wanaoshauri kuficha. Nawaambia wazi kwamba ni ushauri mbaya, maana kazi hii yote imejengwa juu ya mtu kuaminika anaposema kilichotokea. Niliandika ndiyo, nikaambatanisha ripoti zile kamili. Katika usaili hawakuniuliza mengine ila hayo. Nilieleza kilichopungua, na nilichokifanyia kila siku kati ya Dar na Unguja.

Safari hii ilikuwa ATR 72, ndege ya propela mbili ya abiria sabini hivi. Injini zake zimetengenezwa na Pratt & Whitney Canada, kampuni ileile iliyotengeneza ya Caravan. Simuleta ilinitia jasho vilevile. Mwalimu aliua injini baada ya V1, propela ikajigeuza yenyewe isishike upepo, nikaishikilia ndege kwa mguu, nikapanda. Mwenzangu alipomaliza kusoma orodha ya dharura nilikuwa nimeshamwambia tutarudi kwa njia gani, tutaghairi kwa kimo gani, na tutaelekea wapi tukighairi. Mwalimu akaongeza hitilafu nyingine. Hiyo nayo nilikuwa nimeshaijibu tukiwa chini.

Nilifaulu. Nilimpigia mama, akasema alhamdulillahi, kisha akauliza kama chakula cha huko kinalika.

Sasa nami naitwa mara kwa mara kukaa kwenye meza ya usaili. Likija jalada la kijana aliyeandika ndiyo kwenye swali lile, naliweka juu ya mengine, namwomba ripoti zake zote, na nazisoma zote kabla hajaingia ndani.