Njia ya Ziwani Haina Mwenyewe

Ndugu msomaji, ukitaka kujua thamani ya njia ya kuteremkia majini, safari yako usiianzie ufukoni. Ianzie Shinyanga, mwezi wa Septemba, wakati mbuga zimekauka na udongo mweusi umepasuka nyufa za kutosha kunasa kwato za ndama. Hapo utawakuta akina mama wamepiga magoti katika mto usio na maji, wakifukua mchanga, wakingoja kisima kidogo kijikusanye tone kwa tone. Ng'ombe wamesimama kando wakiwatazama. Mimi niliyezaliwa katika nchi hiyo kavu sikupata kuliona ziwa mpaka nilipokwisha kuota ndevu, na siku nilipoliona nilidhani ni mbingu iliyoanguka.

Wasukuma wa Shinyanga wana elimu kubwa ya kufunga na kufungua. Ngitili, kwa asiyeijua, ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikakua, kisha ikafunguliwa wakati wa kiangazi ng'ombe wanapokuwa mifupa mitupu. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, mwaka 1986, nchi ilikuwa karibu kugeuka jangwa. Wataalamu walihangaika kwanza na vitalu vya miti, halafu wakafanya jambo la busara: wakawasikiliza wazee. Ngitili zikarudi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Mwenye kuingiza mifugo kabla ya siku hushitakiwa mbele ya dagashida, baraza la wananchi wenyewe, akatozwa faini. Zipo ngitili za kaya na zipo za kijiji; nazungumzia hizi za pili, kwa kuwa zinafungwa na wote kwa ajili ya wote. Jambo hilo liweke akilini, msomaji, tutalihitaji tukifika ziwani.

Tena usisahau kwamba hata taifa zima liliwahi kudai njia yake ya kwenda majini. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilipatana kwamba isifanywe kazi yoyote ya kupunguza maji yanayoingia katika Mto Nile pasipo kibali cha Misri. Ziwa Victoria, ambalo karibu nusu yake imo ndani ya mipaka yetu, likawa kama kisima cha jirani. Mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mchanga, Serikali ya Tanganyika ilitamka kwamba haifungwi na mapatano hayo. Ilichukua miaka mingi tamko hilo kugeuka bomba, lakini mwaka 2009 maji yalifunguliwa rasmi kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, yakafika Kahama na Shinyanga mjini. Wazee waliokuwa wakiota maji hayo tangu ujana wao waliyanywa wakiwa na mvi.

Sasa tuondoke. Kutoka Shinyanga utashuka hadi Tinde, ugeuke kulia kuelekea Isaka penye bandari ya nchi kavu, kisha Kahama. Kutoka Kahama shika njia ya Kakola, upite jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Vumbi la huko ni jekundu na halina huruma. Pande zote mbili utaona maduara ya wachimbaji wadogo, utasikia makarasha yakisaga mawe usiku na mchana, mpaka utakapoviona vilima vya Geita. Dhahabu ya hapa ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, mgodi wa kwanza ukafungwa miaka ya 1960, na mgodi mkubwa wa leo ukaanza kuzalisha mwaka 2000. Mkoa wenyewe ni mdogo kwa umri: ulizaliwa mwaka 2012, nao ulimega Bukombe na Mbogwe kutoka Shinyanga. Kwa hiyo wengi utakaowakuta huku ni jamaa zetu wale wale wa mbugani.

Katika nchi hii neno moja litakuchanganya. Mchimbaji akikuambia anakwenda mwaloni, anakwenda mahali anapooshea mchanga wake wa dhahabu, mara nyingi akiwa na zebaki mkononi. Mvuvi akikuambia anakwenda mwaloni, anakwenda mahali mitumbwi inapopwelea na samaki wanaposhushwa. Mwalo wa kwanza una mwenyewe, na ukiukaribia bila kualikwa utaulizwa maswali. Mwalo wa pili hauna mwenyewe. Nadhani sehemu kubwa ya ugomvi wa ufukoni katika ukanda huu hutokana na watu waliozoea mwalo wa kwanza wanapofika kwenye wa pili na kuuona kama kiwanja kitupu kinachongoja mnunuzi.

Kutoka Geita mjini njia inapita Nzera na kuteremka hadi Nkome. Ukifika alfajiri utakuta mitumbwi ya dagaa inarudi, taa zake zikififia kwa mwanga wa jua. Sangara na sato wanapimwa. Wanawake wameanika dagaa, wengine juu ya chanja, wengine bado mchangani. Mtoto anaoga, bibi anafua, ng'ombe wanakunywa, mtu anajaza dumu la maji ya kupikia. Yote katika upana usiofika urefu wa viwanja viwili vya mpira. Sisemi kwamba ni salama kuchanganya hayo. Kichocho kipo, na mtu wa afya angekunja uso. Lakini kila mmoja hapo ana haja, na hakuna anayelipa kiingilio.

Walinzi wa mahali kama hapa huitwa BMU, herufi tatu ambazo kila mtoto wa ziwani anazijua. Ni vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, vilivyoanza kuundwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1990 na kutambuliwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Katika kamati huwamo wenye mitumbwi, wavuvi vibarua na wachuuzi wa samaki, na utaratibu unataka wanawake nao wawemo. Mshahara hawana. Kazi yao iliyoandikwa ni samaki: kuorodhesha vyombo, kukamata makokoro na nyavu za timba, kulinda mazalia. Kulinda njia hakukuandikwa kwa wino mzito. Lakini samaki hashuki angani. Lazima ashushwe mahali, na mahali hapo pakifungwa, ulinzi mwingine wote ni maneno.

Nako kufungwa hakuji na kishindo. Huanza na mtu kuomba mahali pa kuweka mashine yake kwa msimu mmoja. Msimu ukiisha, mashine imepata paa. Paa likapata ukuta wa mabati, ukuta ukapata ua, na ua ukapata mlinzi anayewauliza akina mama wanakwenda wapi na ndoo zao. Siku hizi kuna pia vizimba vya kufugia samaki. Ni jambo jema kwa uchumi, lakini vikipangwa vibaya huziba mapito ya mitumbwi. Mlinzi wa kujitolea anayeijua kazi yake hangoji ukuta. Huenda siku ile ya paa, akiwa na wenzake wawili au watatu na mjumbe wa serikali ya kijiji, akazungumza kwa upole.

Sheria iko upande wake, ingawa mara nyingi haimo mfukoni mwake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni hatua zipatazo 80 za mtu mzima, zihesabu ukifika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inatambua ardhi ya matumizi ya jumuiya, ambayo halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kumkatia mtu mmoja. Mwananchi anayeyajua hayo mawili na kusimama katika mkutano mkuu wa kijiji ni vigumu kumnyamazisha.

Walakini ziwa lenyewe haliijui mita. Mwezi wa Mei 2020 lilipanda kufikia kimo kisichoonekana tangu mwaka 1964, na mwaka 2024 likakipita. Pale palipokuwa hatua 80 pakawa maji, na aliyejenga kihalali akajikuta ameketi ukingoni. Mwenye mabavu alipata hoja, na mnyonge alipoteza njia yake mara mbili, kwa maji na kwa mabati. Kazi ya kupima upya mahali pa kupita iliangukia tena mabegani mwa hao hao wasio na mshahara.

Nisiwapambe kupita kiasi. Wapo wanakamati waliolaumiwa kula njama na wavuvi haramu, na wapo waliouza kwa siri kile walichokabidhiwa kukilinda. Njaa ni mshauri mbaya, na kumwachia mtu ulinzi wa mali ya umma bila hata buti za mvua ni kumjaribu.

Ukiendelea magharibi hadi Muganza, wilayani Chato, utaiona Rubondo, kisiwa cha misitu kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Huko ufuko umefungwa. Mvuvi haruhusiwi kutua. Kijana mmoja anaweza kukuuliza: mbona ule umefungwa na sisi tunaambiwa tusifunge? Hapo ikumbuke ngitili. Mazalia yanayolindwa na BMU nayo yamefungwa, na samaki anayekulia humo huja kuvuliwa na yeyote mwenye wavu halali. Mwambie kijana aulize ni nani aliyefunga, na siku ya kufungua ni nani atakayeingia.

Jioni mitumbwi ya dagaa hujipanga tena, pua zikitazama majini. Akina mama huteremka kwa mara ya mwisho kabla ya giza, mmoja nyuma ya mwingine, katika njia iliyobaki kati ya ua mbili, pana kiasi cha kupitisha mtu mwenye ndoo kichwani na ng'ombe mmoja anayetoka kunywa.