Barua Zinaingia, Hazitoki: Somo Nililolipata Kibaigwa

Leo naacha viwavijeshi na mbegu pembeni. Nataka niwasimulie namna barua pepe ilivyotaka kutukosesha mnunuzi.

Kikundi kimoja cha wakulima wa alizeti, si mbali na soko la Kibaigwa, kilinunua kompyuta ndogo. Niliitengeneza mwenyewe nikiwa ofisini Dodoma mjini. Nikajaribu kupokea, sawa. Nikajaribu kutuma, sawa. Nikawakabidhi kwa mbwembwe.

Wiki iliyofuata mnunuzi wa Dar es Salaam akaandika: leteni bei na idadi ya magunia kabla ya saa kumi jioni. Barua yake tuliipata vizuri, tukaijibu. Jibu likagoma kutoka. Tukajaribu tena, likagoma.

Mzee mwenyekiti akaniuliza, "Bwana Shamba, mbona za watu zinaingia? Zetu zinazuiwa wapi?"

Nilijibu kwa kujiamini: mtandao. Tukanunua bando jingine. Kijana mmoja akapanda na simu juu ya kichuguu kutafuta mawimbi. Hakuna kitu. Saa nane ikapita. Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikausoma ujumbe wa kosa. Ulianza na namba 530, ukisema mtumaji ajitambulishe.

Hapo nikaelewa kosa ni langu. Barua pepe ina milango miwili. Seva ya kupokea ina mlango wake, na seva ya kutuma ina wake. Nenosiri uliloliweka kwenye mlango wa kupokea halifiki lenyewe kwenye mlango wa kutuma. Ni kama ghala la chama: mlinzi wa getini kukufahamu hakumzuii mtunza ghala kukudai saini kabla gunia halijatoka.

Mbona ofisini ilikubali? Kampuni iliyotupa anuani ndiyo iliyotoa intaneti ya ofisi. Seva yake iliiona kompyuta ikitokea ndani ya mtandao wake, ikaihesabu kuwa ya nyumbani, haikuuliza kitu. Kijijini tulitumia intaneti ya simu, ya kampuni nyingine. Kwa seva ile tulikuwa wageni, na mgeni lazima ajieleze.

Zamani haikuwa hivyo. Utaratibu wa kutuma barua pepe uliochapishwa mwaka 1982 haukumtaka mtumaji ajitambulishe. Matapeli na watangazaji wakaitumia nafasi hiyo kupitisha barua zao za kero kwenye seva za watu. Mwaka 1999 ukatolewa utaratibu wa mtumaji kutaja jina na nenosiri. Siku hizi seva nyingi za kutuma zinadai hivyo hata ukiwa ndani ya mtandao wao. Isipodai, jua kwamba imekutambua kwa mtandao ulioko, au barua inakwenda kwa mtu wa seva hiyo hiyo.

Basi, barua zikiingia lakini hazitoki, fanya hivi:

1. Fungua mipangilio ya seva ya kutuma. Weka alama panaposema seva inahitaji uthibitisho wa mtumaji.
2. Andika jina la mtumiaji na nenosiri. Mara nyingi jina ni anuani nzima, pamoja na alama ya @ na kinachofuata.
3. Tumia poti 587 au 465, kama mtoa huduma wako anavyoelekeza. Poti 25 ni ya seva kupeana barua zenyewe, na kampuni nyingi za intaneti huifunga kwa wateja.
4. Washa usimbaji wa TLS, nenosiri lisipite wazi njiani.
5. Soma namba ya kosa. 530 maana yake hujajitambulisha. 535 maana yake umejitambulisha, lakini jina au nenosiri limekataliwa.

Ukitumia programu ya Gmail kwenye simu, haya yote imeshajipangia yenyewe. Lakini ukiiweka Gmail kwenye programu nyingine ya kompyuta, na umewasha uthibitishaji wa hatua mbili, inaweza kukataa nenosiri lako la kawaida. Hapo utatengeneza nenosiri maalumu la programu, lenye herufi 16.

Na nenosiri la kikundi lisiachwe kwa kijana wa stesheni. Atakayelipata anaweza kumwandikia mnunuzi kwa jina lenu na kumpa namba nyingine ya kulipia.

Barua yetu ilitoka saa tisa na nusu. Bei tulivutana wiki nzima, lakini angalau tulikuwa sokoni. Tangu siku ile sikabidhi kompyuta kwa kuijaribu ofisini tu. Naijaribia kijijini, kwa intaneti watakayoitumia wenyewe, na wao ndio wanaobonyeza kutuma.