Gazi, Kijiji Kinachojipangia

Ukivuka feri ya Likoni ukashika barabara ya Lungalunga, shuka matatu kabla hujafika Msambweni, ukate kushoto kuelekea baharini. Hapo ndipo Gazi. Ndani ya mikoko mna daraja la mbao linaloendeshwa na kina mama wa kijiji. Lipa kiingilio, utembee polepole.

Miaka ya 1970 mikoko hiyo ilifyekwa sana ikawa kuni za viwanda. Kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, wakazi wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wanalinda hekta 117, na hewa ya kaboni inayofyonzwa na miti hulipiwa na wanunuzi wa ng'ambo.

Uhondo wenyewe uko barazani. Fedha zikiingia, wanakijiji hukutana wakaamua zifanye nini. Si nyingi, kwa hivyo sharti wachague: maji kwanza, au vitabu vya shule? Vyote vimepata zamu. Sisi wa mijini, nani aliwahi kutuuliza mtaro upite wapi?

Ukienda, agiza chakula kwa kina mama kabla hujaingia mikokoni, ukirudi ukute samaki wa kupaka tayari.