Mkate wa Tini

Wengi mmeuliza mbona sijaonekana madhabahuni. Wengine mmeuliza swali ambalo nimeona nilijibu hapa mbele ya wote: "Mchungaji, kama Mungu amekuponya, hizo dawa bado ni za nini?"

Moyo wangu ulikuwa unapiga bila mpangilio, mara mbio, mara unaruka pigo. Madaktari walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi ndani ya moyo, wakachoma sehemu ndogo ndogo zilizokuwa zikivuruga umeme wake. (Ndiyo, moyo una umeme, na aliyeuweka ni Yeye.) Kifua hakikupasuliwa. Nililala chali saa kadhaa bila kukunja mguu, na kwa wiki nzima nilikatazwa kuinua kitu kizito. Mama Mchungaji alinilinda hata na ndoo ya maji!

Sasa sikiza. Vidonda vile vya ndani huchukua kama miezi 3 kupona. Katika muda huo moyo unaweza kushtuka tena, na si lazima iwe kazi imeharibika. Juzi usiku wangu ulianza mbio. Nilikaa kitandani nikihesabu mapigo na kuomba, na niliogopa, nakwambia kweli. Asubuhi nikampigia daktari. Akasema tuendelee na dawa.

Mojawapo ni warfarini, ya kuzuia damu isigande. Moyo ukipiga ovyo, damu hutuama ndani yake na kuganda, na bonge hilo likipanda kichwani ni kiharusi. Kwa hiyo hata nikijisikia mzima, nameza. Hezekia aliahidiwa na Bwana uponyaji na miaka 15 zaidi, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imeshatoka, na tini zikabandikwa.

Kuna ndugu aliyeniombea kwa machozi, kisha akaninong'oneza nizitupe tembe chooni kama tendo la imani. Nampenda sana. Nilimwambia hapana.

Na wewe unayetumia dawa hii, sukuma wiki usiiache, ila usile sahani tatu leo na kesho usiiguse. Kiasi kiwe kile kile, maana mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa. Mgongo ukiuma, usikimbilie diklofenaki dukani. Mitishamba pia, uliza daktari kwanza, hata kama imeletwa na mshirika mwenzako. Damu ikitoka isikate, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje ibada iishe, nenda hospitali. Wakati wa mfungo, funga chakula jinsi daktari wako atakavyokubali. Tembe usizifunge.

Alhamisi napimwa damu. Ukipiga magoti, niombee kipimo kiwe kati ya 2 na 3. Na Jumapili nikihubiri nimeketi, usishangae.