Dawa za Kichina na Moyo Uliolemewa



Kitabu cha tiba cha Kichina kiitwacho Jingui Yaolüe kimetokana na tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi yapata miaka 1,800 iliyopita. Humo ametajwa mwanamke aliyelemewa na huzuni, mwenye kulia na kupiga miayo mara kwa mara, hata akadhaniwa amepagawa. Kwetu pwani angalipigiwa ngoma ya pepo. Tabibu yule alimwandikia ngano, kunazi 10 za Kichina, na mizizi mitamu ambayo Waarabu huiita irq as-sus, vichemshwe, maji yake yanywewe yangali vuguvugu. Nami nilikumbuka talbina, uji wa shayiri ambao Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiamuru wapikiwe wafiwa.

Waganga wa Kichina husema kuwa huzuni hulifunga ini. Tusiwacheke, kwani sisi wenyewe husema jambo limetukata maini. Wataalamu wa zama hizi wamezijaribu dawa hizo. Majaribio mengine yameonyesha nafuu, lakini mengi ni madogo na hayakufanywa kwa uangalifu wa kutosha.

Yuko mama mmoja, mwanawe husoma chuoni kwangu, ambaye tangu kufiwa na mumewe halali wala hali. Hospitali walimwambia kuwa ana sonona, wakampa vidonge. Siku ya 10 akaviacha, akanunua pakiti za mitishamba zenye maandishi asiyoweza kuyasoma.

Nikamwambia: "Dada yangu, vidonge hivyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kutenda kazi. Na mizizi ile mitamu, ambayo imo katika dawa zao nyingi, ikinywewa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu, nawe lako li juu. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wengi waliharibika figo kwa mitishamba ya Kichina waliyopewa ili wapungue unene."

Akanijibu: "Maalim, wakiviona vidonge watasema nina wazimu. Mitishamba hakuna anayeniuliza."

Jawabu hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Tumemsusa kwa maneno yetu, kisha twastaajabu akijificha! Mgonjwa wa homa tunamzuru na machungwa. Wa sonona tunamnong'ona.

Mke wangu alimsindikiza kurudi kwa daktari, pakiti zake mkononi ili zitazamwe, na vidonge ameanza tena. Jioni tunampelekea uji wa shayiri. Hunywa nusu bakuli.