Nakuru Ilibeba Ligi ya Kwanza, Lakini Haikuwa na Shemeji

Swali rahisi kwa wasee wa Nax: sisi tunachukia nani?

Tulia, sio siasa. Naongea mpira. Ukiuliza mtu wa Gor, atajibu kabla umalize swali. Ukiuliza mtu wa Yanga kule Dar, hivyo hivyo. Lakini chukua mtoto aliyezaliwa Nakuru, akalelewa Nakuru, umuulize ni timu gani ikija mjini lazima ipigwe hata kama dunia inaisha kesho. Atakuangalia tu. Halafu atakuambia Arsenal. Buda, hiyo ni London.

Hii maneno ilianza kunisumbua juu ya klipu za Marekani ambazo TikTok hunirushia kila mwezi wa kumi na moja. Vyuo vyao vinacheza ile futiboli yao ya helmeti, na watu wanalia kama wamefiwa. Michigan na Ohio State walicheza mara ya kwanza 1897. Harvard na Yale walianza 1875, kabla hata reli haijafika hapa kwetu. Uwanja wa Michigan unabeba zaidi ya watu 100,000, na hao wote wamekuja kuona wanafunzi. Mzee amemaliza chuo miaka 40 iliyopita na bado siku hiyo anavaa jezi.

Kuna kitu kimoja kwa hiyo stori ya Michigan na Ohio nataka ukiweke mfukoni, tutakihitaji mbele. Kabla ya mpira, hayo majimbo mawili yaligombania mpaka. Mwaka wa 1835 walikusanya hadi wanajeshi kwa sababu ya kipande cha ardhi chenye mji wa Toledo. Yaani ugomvi ulikuwa wa shamba. Leo wajukuu wao wanaumalizia uwanjani na kwa kutukanana.

Sasa niulize mimi chuo nilichosoma kabla niache kilikuwa na mpinzani gani. Sijui. Timu ilikuwa, jezi zilikuwa, na siku zingine hata basi ilikuwa. Lakini hakuna komredi hata mmoja aliwahi kunishika bega aniambie, "Hawa jamaa, hawa ndio hatuwezi kukubali watushinde." Mchezaji anaingia mwaka wa kwanza, anatoka wa nne, na stori zake anatoka nazo. Huku kwetu chuo ni mahali unapitia ukitafuta karatasi. Hakuna mtu anarithisha mtoto wake chuo.

Tunachorithisha ni kitu kingine. Tunarithisha mahali tumetoka. Na hapo ndipo debi yetu kubwa ilizaliwa.

Mimi ni mtu wa Ingwe. Sikuchagua. Mzae wangu ni Mluhya, mathe ni Mkikuyu, na mimi nimekulia Langa Langa nikiongea Kiswahili na Sheng. Kiluhya changu kinaishia kwa "mulembe". Lakini AFC Leopards nilipewa pamoja na jina la ukoo. Na hebu ona hiyo zawadi: nimezaliwa 2003, na mara ya mwisho Ingwe kubeba ligi ilikuwa 1998. Msimu ulioisha 2025 wamebeba Kenya Police. Maisha yangu yote, timu yangu haijawahi kuwa bingwa wa ligi. Na bado nikiona jezi ya kijani ya Gor kwa stage nasikia damu ikipanda.

Hiyo damu ilitoka wapi? Turudi nyuma.

Watu waliokuja mijini kufanya kazi enzi za mkoloni walijipanga kwa vyama vya nyumbani. Ukifiwa, chama kinasafirisha mwili. Ukikosa kazi, chama kinakushikilia. Na vyama hivyo vikaunda timu za mpira. Mwaka wa 1964 vilabu kadhaa vya Waluhya viliungana vikawa Abaluhya United. Mwaka wa 1968 Luo Union na Luo Stars wakaungana, ikazaliwa Gor Mahia, jina la mganga maarufu wa hadithi za Waluo. Gor walibeba ligi mwaka huo huo wa kwanza. Unaweza kuwaza vile Waluhya walijiskia, maana wao walikuwa wamebeba 1966 na 1967 wakidhani nchi ni yao.

Halafu serikali ikaamua hakuna timu kuitwa jina la kabila. Mwaka wa 1980 Abaluhya ikawa AFC Leopards, ati All Footballers Confederation. Luo Union ikawa Re-Union. Gor nao wakajiita Gulf Olympic Rangers kwa muda, herufi za kwanza zikabaki G, O, R, na kila mtu akajifanya hajaona. Majina yalibadilika kwa karatasi. Kwa majukwaa hakuna kilichobadilika.

Miaka ya 80 ndio wazae wetu hawanyamazi kuihusu. Ingwe walibeba Kombe la Vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Gor wakajibu na kitu kikubwa zaidi: 1987 walibeba Kombe la Washindi Afrika mbele ya Esperance ya Tunisia, 2-2 kule Tunis na 1-1 Nairobi, kwa bao la ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya imewahi kubeba kombe la bara. Nachukia kuandika hiyo sentensi, lakini ukweli ni ukweli.

Baadaye wote walianguka. Gor walikaa kutoka 1995 hadi 2013 bila ligi, miaka 18. Ingwe tukashuka hadi daraja la chini kabla ya kurudi. Biashara ingefungwa. Lakini hizi timu hazikufa, na nadhani najua kwa nini. Hata ukiwa huna kikombe, huna pesa na huna basi, bado kuna mtu mmoja lazima umshinde. Ule mwaka wa 2013 Gor walimaliza ukame wao wa ligi, na mwaka huo huo sisi tukawapiga 1-0 fainali ya kombe la mtoano. Muulize mtu yeyote wa Ingwe kuhusu 2013 uone ni gani atakuambia.

Sasa sikiza jina la hiyo mechi. Debi ya Mashemeji.

Sio debi ya maadui. Waluo na Waluhya wamepakana kutoka zamani na wameoana vya kutosha, kwa hivyo unayemzomea jukwaani labda ndiye ameoa dada yako. Tanzania wana neno lao: Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 wanaitwa watani wa jadi. Na utani kule sio mzaha wa hewani, ni mila kamili kati ya makabila. Mtani wako anaweza kukutukana msibani, akakuchekesha ukiwa unalia, na huruhusiwi kukasirika. Ndiye pia anakuja kukusaidia kuzika. Kiswahili kilishajua hii kitu kabla ya mpira kufika: ukitaka kushindana na mtu kwa miaka mingi bila kuuana, mfanye jamaa kwanza.

Siwezi kukudanganya ati inafanya kazi kila siku. Machi 2012 pale Nyayo, kadi nyekundu moja ilitosha viti kung'olewa na mechi kusimama. Shemeji pia hupigana. Lakini wiki iliyofuata watu hao hao walikuwa wanapanda matatu moja na kununua chapo kwa mama mmoja. Debi ilirudi, na bado iko.

Sasa turudi Nakuru, juu hii sehemu ndio inaniuma.

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza 1963, mwaka wa uhuru. Unajua bingwa wa kwanza alikuwa nani? Si Gor, hawakuwa wamezaliwa. Si Abaluhya, pia hawakuwa. Ni Nakuru AllStars. Sisi. Na tukabeba tena 1969.

Angalia hilo jina. Halikuwa la kabila. Lilikuwa la mji. Na Nakuru ni mji wa watu waliokuja: reli ilipita hapa karibu 1900, mashamba ya wazungu yakaleta vibarua kutoka kila kona, na ukitembea Bondeni, Kivumbini, Kaptembwo au Free Area leo utasikia lugha za nchi nzima kabla ufike kwa stage. Timu ya mji kama huu ndiyo Kenya tuliyoahidiwa shuleni. Ilikuwa bingwa. Na ilipotea hadi mtoto wa leo hajui ilikuwepo. Jina lilifufuliwa, likafika Ligi Kuu 2015, likashuka mwaka huo huo, na mji haukushtuka.

Watu watakuambia ni pesa. Pesa ni kweli, lakini Gor na Ingwe pia wamelala njaa mara ngapi? Wengine watasema si tuko na Ulinzi Stars. Na heshima kwao: Ulinzi wamebeba ligi mara nne, 2003, 2004, 2005 na 2010, na Afraha ilikuwa nyumbani kwao. Lakini ni timu ya jeshi. Na kabla Afraha ifungwe ijengwe upya, Gor wakija kucheza na Ulinzi, jukwaa lilikuwa kijani. Mwenyeji alikuwa anaonekana mgeni. Watu wa Nakuru walikuwa wamejaa uwanjani, lakini walikuwa wamekuja kushangilia mahali babu zao walitoka.

Kwa maoni yangu, AllStars walikosa shemeji. Walikuwa na vikombe viwili na hawakuwa na mtu wa kuwacheka wakipoteza. Hakuna aliyemwambia mtoto wake, "Usioe kwa wale hadi tuwashinde." Timu ikianza kuzama, Gor ina Ingwe ya kuiamsha kwa kejeli. AllStars ilizama kimya kimya.

Na mji usio na kitu cha pamoja cha kushangilia unabaki na nini? Kila mtu anarudi kwa kona yake. Januari 2008 nilikuwa mtoto mdogo sana, sikumbuki mengi, lakini wakubwa wa mtaa wanakumbuka nani alihama na nani hakurudi. Sisemi timu ya mpira ingezuia ile kitu. Hakuna refa angeweza. Nasema tu kwamba mistari tuliyorithi hapa Bonde la Ufa ni ya mashamba na kura, na hakuna hata mmoja tumewahi kuugeuza kuwa mchezo. Kumbuka ile ya Toledo niliyokuambia uweke mfukoni.

Kwa hivyo nina pendekezo, na wazee wa kaunti wakitaka kuliiba walibebe bure. Shemeji wa Nakuru ni Eldoret.

Fikiria. Barabara ni moja. Sisi tulipata hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, wao wakangoja hadi 15 Agosti 2024, na bado wanatuambia ati wao ndio Jiji la Mabingwa. Wao wana wakimbiaji walioshinda dunia, na hapo hatuna jibu, tunabaki kusema mpira hauchezwi kwa kukimbia moja kwa moja. Wao wana maziwa, sisi tuna ziwa. Watu wetu wameoana, wamefanya biashara, wamesoma pamoja. Na Januari 2008 hii miji miwili iliumia kuliko mingi nchini. Kama kuna watu wanahitaji ruhusa ya kutukanana wakicheka, ni sisi.

Na haihitaji Ligi Kuu. Inahitaji mechi moja kila mwaka, tarehe ile ile, kikombe cha kijinga, na mtu wa kuandika matokeo ili yasipotee. Vyuo pia viingie: Egerton wako Njoro, Kabarak wako upande ule mwingine wa jiji, na wanaofika mwaka wa kwanza Septemba waambiwe siku ya kwanza kabisa ni nani lazima apigwe. Miaka kumi ya hivyo na tayari kuna mtoto atakuwa amerithi.

Mwaka wa kwanza utakuwa na watu hamsini na mbwa mmoja akivuka uwanja. Sawa. Hata Gor na Ingwe walianza na watu wa chama cha mazishi. Mimi nitakuwa kwa jukwaa la Nakuru, na jamaa wa Eldoret wakitufunga mbili bila, natarajia simu kutoka kwa shemeji yangu kabla refa apulize kipenga cha mwisho.